Vitz imebadilishwa kulanti, sasa inachemsha mlima Saranda. Nianzie wapi?

MwlHisabati (Nkuhungu, Dodoma), Jumapili saa 3:40 usiku

Wakuu, salaam. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaniambia niuze gari.

Nina Vitz ya 2003, cc 1300, ile injini ya 2NZ. Nafundisha darasa la tano, gari ni la kwenda kazini na mara moja kwa mwezi Manyoni kwa mama. Halijawahi kunisumbua. Wiki iliyopita nilipeleka kubadilisha oili, fundi akafungua rejeta akanionyesha: kulanti, yale maji ya kupoza injini, imekuwa rangi ya udongo wa kichuguu. Akasema ibadilishwe, nikakubali. Akachomoa mpira wa chini, yote ikamwagikia kwenye beseni. Akasuuza na maji ya bomba mara mbili, akarudisha mpira, akamimina kulanti ya kijani mpaka ikafika mdomoni, akafunga kifuniko, akaenda kunawa. Dakika ishirini kazi imekwisha. Nilimshukuru kwamba hakunichelewesha.

Ijumaa jioni safari. Bahi safi, Kintinku safi. Naanza kuipanda Saranda, nasikia nyuma ya dashibodi kama mtu anamimina maji kwenye kibuyu, glu glu glu. Nikazima redio nisikie vizuri. Kabla sijamaliza kujiuliza, taa nyekundu ikawaka. Hili gari halina mshale wa temperecha, lina taa mbili tu: ya bluu likiwa baridi, nyekundu likishachemka. Yaani likikuambia, lilishaanza kuumwa zamani.

Nikaegesha nyuma ya lori lililokuwa limepumzika, nikazima, nikafungua boneti. Kifuniko sikukigusa. Hilo marehemu baba alinifundisha kwa kunionyesha kovu la mkono wake, hakuhitaji maneno. Nikakaa kwenye jiwe saa nzima. Kile kitanki cha pembeni kilikuwa kimejaa mpaka kinamwaga, lakini nilipokuja kufungua rejeta imepoa, ndani maji siyaoni! Nikamiminia chupa moja ya maji ya kunywa, nikafika Manyoni kwa mwendo wa baiskeli. Leo nimerudi hivyo hivyo, nikisimama kila baada ya muda.

Mengine niliyoyaona: dereva wa lile lori aliniambia niwashe hita ipunguze joto. Nikaiwasha, ikatoa upepo wa baridi. Nikikanyaga mafuta unakuja wa moto, nikiachia unarudi baridi. Feni ya rejeta sikuisikia hata mara moja. Mpira wa juu wa rejeta haushikiki kwa moto, wa chini baridi kama mtungi.

Fundi kwa simu anasema themostati, kile kimlango cha kupitisha kulanti, imekufa, tuitoe tuitupe. Jirani anasema ni gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku (mwili wa injini) na kichwa chake, na bei aliyonitajia sitaki kuiandika hapa. Lakini dalili za gasketi sizioni: moshi mweupe hakuna, oili kwenye kijiti ni safi. Nianzie wapi?

Dogo_AreaC, Jumapili saa 4:05 usiku

Toa themostati hiyo dada, usipoteze muda. Ile kitu waliiweka kwa ajili ya theluji, sisi huku theluji ya wapi? IST yangu nimeitoa mwaka wa tatu huu, taa nyekundu sijawahi kuiona.

Babu_Spana, Jumapili saa 4:30 usiku

Pole na safari mwalimu. Mimi nimeshika spana kwenye malori tangu ujana, sasa macho yamechoka, nimebaki kusumbuana na vijana humu ndani. Kabla hujatoa kitu chochote, nikuulize swali la darasa lako. Zilitoka lita ngapi, na zikaingia lita ngapi?

MwlHisabati, Jumapili saa 4:52 usiku

Shikamoo babu. Beseni ni langu, la lita 5, na lilifika karibu robo tatu, tuseme lita 3 na nusu kabla hajaanza kusuuza. Kulanti nilinunua kidumu cha lita 4, ile iliyokwisha kuchanganywa. Kilichobaki kiko kwenye buti. Nimetoka sasa hivi na tochi na jagi la jikoni nikapima: zimebaki 2 kamili.

Kwa hiyo ziliingia 2.

Babu, nimesimama hapo uani na jagi mkononi nimeona aibu. Kila siku nafundisha watoto kutoa.

Babu_Spana, Jumapili saa 5:20 usiku

Marahaba. Basi umeshajijibu nusu. Zimetoka 3 na nusu, zimeingia 2. Hiyo moja na nusu inayopungua haikuacha nafasi tupu, imekaliwa na hewa, na hewa hiyo unatembea nayo mpaka leo. Wala asije mtu akasema ni maji ya kusuuzia yaliyogoma kwenye bloku. Hata mara ya kwanza kuna yaliyogoma mle, na bado zikatoka 3 na nusu.

Inakuwaje? Kulanti inamiminwa injini ikiwa baridi. Themostati ni mlango, na injini ikiwa baridi mlango umefungwa. Rejeta inajaa upesi, fundi anaona imefika mdomoni, anafunga. Nyuma ya mlango, kwenye bloku na kwenye karejeta ka hita kalikojificha ndani ya dashibodi, hewa haijapata pa kutokea. Themostati nyingi zina kitundu chenye kipini kinachochezacheza, kazi yake ni kuipitisha hiyo hewa kidogo kidogo. Lakini mtu akimimina kama anajaza pipa, kitundu cha kupita kijiti cha kiberiti kitafanya nini?

Sasa soma dalili zako. Ule mlio wa kibuyu ni hewa na maji vinapishana kwenye hita. Hita kuwa ya moto ukikanyaga na baridi ukiachia, ni wota pampu: ikizunguka kwa kasi inasukuma maji yanafika juu, ikitulia hewa inarudi kwenye kiti chake. Mpira wa chini kuwa baridi ndio uliomdanganya fundi wako. Kwenye injini hizi za NZ themostati inakaa upande wa mpira wa chini, na inafunguka kwa nta iliyo ndani yake, nta ambayo lazima ioge maji ya moto. Ikizungukwa na hewa haipati joto la kutosha, inabaki imefunga. Ukiitoa utakuta nzima kabisa. Feni nayo ni hivyo hivyo, sensa isipofikiwa na maji ya moto haina habari kwamba gari linaungua.

Na kuna jambo watu wa hapa tunalisahau. Dodoma iko juu, kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Maji matupu kwenye sufuria yanachemka karibu nyuzi 96, hayangoji 100. Kwenye gari yanazuiwa na presha inayoshikwa na kifuniko cha rejeta, kile kilichoandikwa 0.9 au 1.1. Presha hiyo inaongeza zaidi ya nyuzi 20. Kwa hiyo mpira wa kifuniko ukiwa umepasuka, unapika kwenye sufuria wazi. Kikague.

Usiliendeshe. Kesho panda daladala. Jumamosi asubuhi, gari likiwa limelala baridi usiku kucha, fanya hivi.

Tafuta mahali penye mwinuko, pua ya gari itazame juu, ili mdomo wa rejeta uwe juu kuliko hita. Vuta hendibreki, weka mawe nyuma ya magurudumu. Mawe mawili, usiniwekee tofali la tope. Vua mtandio, kanga, chochote kinachoning'inia, maana feni hujiwasha yenyewe bila kuuliza. Fungua kifuniko. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, kata kitako, igeuze kichwa chini, mdomo wake uzungushie kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli mpaka ukae kwa kubana kwenye mdomo wa rejeta. Huo ndio mrija wako, na ubora wake ni kwamba maji yanakaa juu kuliko injini yote, hewa haina pengine pa kukimbilia.

Mimina polepole. Kisha shika mpira wa juu na wa chini uikamue, kama unavyokamua ng'ombe, bana, achia, bana, achia. Utaona mapovu yanapanda kwenye chupa na maji yanashuka. Ongeza. Endelea mpaka yasishuke. Hapo ndipo unawasha injini, kiyoyozi kimezimwa, hita imewekwa joto la mwisho na upepo wa chini kabisa.

Sasa kaa. Hapa ndipo vijana wanaposhindwa. Inachukua dakika kumi na tano, ishirini, wakati mwingine zaidi. Mara moja moja mtu apige resi ya wastani, injini ivume lakini isilie. Maji yatapanda na kushuka kwenye chupa, usiogope. Uso wako usiuweke juu ya chupa. Unachongoja ni mpira wa chini uwe wa moto. Ukiwa wa moto ujue mlango umefunguka, na mara nyingi hapo hapo injini inacheua povu kubwa moja, maji yanashuka kwa mkupuo. Jaza. Ngoja feni iwake na kuzima mara mbili, hita iwe inatoa moto hata bila kukanyaga mafuta. Zima, acha ipoe kabisa, toa chupa, jaza mdomoni, funga, na kile kitanki cha pembeni kijaze kati ya alama mbili.

Ila taa nyekundu ikiwaka wakati wowote katikati ya kazi hii, zima. Na mapovu yakiendelea nusu saa nzima bila kupungua, zima pia, uniandikie. Hapo yule jirani yako wa gasketi atakuwa na hoja.

Kulanti itakayomwagika usiiache chini. Ni tamu, na ni sumu. Huko Nkuhungu mbuzi wanatembea kama wapangaji.

Dogo_AreaC, Jumatatu saa 1:10 asubuhi

Babu heshima yako, lakini mbona yangu bila themostati inadunda tu?

Babu_Spana, Jumatatu saa 2:00 asubuhi

Inadunda ikiwa baridi, mjukuu wangu. Asubuhi ukienda Kisasa na kurudi, taa ya bluu inazimika saa ngapi? Injini isiyopata joto lake inakunywa mafuta kama ya kuwasha asubuhi, siku nzima, na oili haikaushi unyevu wake. Halafu themostati za injini nyingi za Toyota zina kisahani cha pili nyuma. Maji yakishakuwa ya moto, kile kisahani kinaziba njia ya mkato ili yote yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, maji mengine yanarudi kwenye injini bila kupoa. Hujaiona taa nyekundu kwa sababu hujaenda Saranda na mizigo mwezi wa kumi na moja.

Nesi_Ihumwa, Jumatatu saa 6:15 mchana

Niongeze dogo tu. Mwalimu, hayo maji ya bomba aliyosuuzia fundi na yale uliyoongeza njiani uyahesabu. Tazama birika lako la chai kwa ndani, ule ukoko mweupe. Maji ya hapa Dodoma yana chumvi na chokaa, na ukoko ule ule unajijenga kwenye vijia vyembamba vya rejeta. Ukihitaji kuongeza, tumia maji yaliyotoneshwa (distilled), yasiyo na chumvi wala chokaa. Ukienda dukani usiseme tu "maji ya betri", soma chupa, maana kuna wanaokupa asidi. Mimi nilipewa.

MwlHisabati, Jumanne saa 3:00 usiku

Asanteni. Nesi, nimelitazama birika, nimelifunika tena. Jumamosi nitaleta majibu.

MwlHisabati, Jumamosi saa 9:20 alasiri

Nimerudi na ripoti, mikono bado inanata.

Mwinuko niliupata kwenye lango la jirani yule yule wa gasketi, aliyejitolea na kiti chake kuja kutazama nikishindwa. Mwanangu wa kidato cha pili ndiye aliyekaa kwenye usukani. Chupa ya kwanza niliikata vibaya, ya pili ikakaa. Tyubu ya baiskeli ilikuwa wazo zuri sana babu, haikuvuja hata tone.

Kabla hata ya kuwasha, kwa kukamua mipira peke yake, iliingia karibu nusu lita. Nilikamua mpaka kiganja kikauma. Mpira wa juu ulikuwa unalia mle ndani kama tumbo la mtu mwenye njaa.

Tukawasha. Dakika tano, mapovu madogo kama ya soda. Kumi, yale yale, jirani anatikisa kichwa. Dakika ya kumi na saba kwa saa ya mwanangu, nimeshika mpira wa chini, nasikia uvuguvugu, halafu ghafla moto, na chupa ikacheua povu moja kubwa likanirukia shavuni (uso nilikuwa nimeuweka pembeni, si juu, babu usinigombeze). Maji yakashuka chupa nzima ikabaki tupu kwa kufumba na kufumbua. Nikajaza upesi. Dakika chache baadaye feni ikawaka! Mwanangu akapiga makofi. Ikazima, ikawaka tena. Hita inatoa moto wa kukaushia nguo, mwezi huu, Dodoma, saa nne asubuhi. Mtoto alitoka humo analoa jasho.

Sasa hesabu. Kulanti iliyobaki ilikuwa lita 2. Baada ya yote kupoa na kujaza mdomoni na kitanki, kwenye kidumu imebaki chini kidogo ya nusu lita. Imeingia 1 na nusu na ushee. Hiyo ya ushee ni ya kitanki na ile iliyonirukia.

Jambo moja: kifuniko. Mpira wake wa ndani una ufa nusu ya mzunguko, ukiukunja unafunguka kama mdomo. Nimenunua kingine chenye namba ile ile, 1.1, baada ya muuza duka kujaribu kunipa cha 0.9 na kusema ni sawa tu.

Nikalipeleka mpaka Bahi na kurudi. Kibuyu kimya. Kesho asubuhi likiwa baridi nafungua kuangalia.

Babu_Spana, Jumamosi saa 10:00 jioni

Hongera. Asubuhi ukikuta imeshuka upana wa kidole usishtuke, ni mabaki ya hewa yamejipenyeza juu. Jaza, angalia tena baada ya siku mbili. Ikiendelea kushuka na chini hakuna tone, ndipo tutamwita jirani. Kuna kipimo chenye maji ya bluu, kinawekwa mdomoni mwa rejeta injini ikiwa inawaka. Gesi ya kwenye silinda ikiwa inavuja kuingia kwenye maji, yale ya bluu yanageuka njano. Hakuna haja ya kufungua injini kwa kubahatisha.

MwlHisabati, Jumatano saa 2:15 usiku

Jumapili ilishuka kidogo, nikajaza vijiko vya mezani kama sita. Jumanne haikushuka. Leo haikushuka. Ijumaa naenda Manyoni.

Fundi nilimpitia kumwambia. Hakukasirika, alicheka, akaniuliza ile chupa iko wapi. Nimemwachia.

Dogo_AreaC, Jumatano saa 2:40 usiku

Babu, nimefungua rejeta ya IST leo kwa udadisi tu. Ndani ni rangi ya uji wa ulezi. Nikirudisha themostati, naiwekaje?

Babu_Spana, Jumatano saa 3:05 usiku

Kile kitundu chenye kipini kikae juu kabisa, hewa haitokei chini. Oringi, ule mpira wa duara wa kuzibia, iwe mpya, usirudishie ya zamani. Na kabla hujachomoa mpira, azima beseni la mwalimu.